Msitu wa mrihi Magarini: tuufunge, tuupande, au tuukate?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kamati ya msitu kijijini kwetu, ndani kutoka Marafa. Tuna msitu wa mrihi kama ekari 600. Ni ardhi ya jamii, bado haijapimwa. Wazee wanataka tuufunge miaka kumi, asikanyage mtu. Vijana wanaochoma makaa wanauliza, tukiufunga watakula nini. Mwaka juzi tuliletewa miche 2,000 tukaipanda humo ndani, imebaki kama thelathini. Sasa tufanyeje: tufunge, tupande tena, au tuache tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonikaa si zile ekari 600 wala vijana wa makaa. Ni hiyo miche thelathini. Nami nimewahi kuzika miche. Kwenye kituo kimoja nilichofanyia kazi kabla sijastaafu tulipanda elfu kadhaa kwa siku moja. Mgeni wa heshima akamwagilia wa kwanza, picha zikapigwa, soda zikanywewa. Masika ikakatika mapema mwaka ule. Nilipopita tena mwezi wa tisa nilikuta vijiti vikavu vimesimama mistari, vimenyooka vizuri kabisa. Ripoti ilisema miche imepandwa, na si uongo, ilipandwa.

Basi nikujibu kwanza, halafu nieleze. Msiufunge msitu wote, msipande miche ndani yake, na msiuache hivihivi. Ukateni kwa mpango, na mkishakata mlinde visiki. Najua neno "kateni" likitoka kwa bwana misitu linashangaza. Wazee wako watasema nimenunuliwa na wenye malori. Waambie wanisikilize hadi mwisho.

Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, nenda mahali palipokatwa miti ya makaa miaka miwili au mitatu iliyopita. Tafuta kisiki cha mrihi kilichokatwa chini, usawa wa goti au chini ya hapo, chenye unene wa paja la mtu. Inama ukitazame. Utaona machipukizi yametoka kandokando ya gome, pengine saba, pengine kumi na mawili. Mengine yametoka mbali kidogo, yametoboa mchanga kutoka kwenye mzizi. Kama umekwenda karibu na vuli, majani yake machanga yatakuwa mekundu yanang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Sasa tazama ncha. Zilizokatika sawasawa kama kwa mkasi, hizo zimeliwa na mbuzi. Zilizokauka na kuwa nyeusi, hapo moto umepita. Zilizobaki nzima ndizo msitu wenu, na hakuna aliyezipanda.

Mche wa mrihi ukiota wenyewe porini, miaka ya mwanzo hausumbukii kwenda juu. Unakwenda chini. Kiangazi kikiingia kijiti cha juu kinakufa, mvua ikirudi kinachipua tena, na hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka, mzizi ukizidi kuzama na kunenepa. Ukiuona unadhani umedumaa, kumbe uko kazini. Ndipo siku moja, mzizi ukishatosha, unapanda juu kwa haraka. Sasa linganisha na mche wa kitalu: mzizi umejikunja ndani ya mfuko, umezoea maji ya kopo kila jioni, halafu unatupwa kwenye mchanga mweupe wa kwenu ambao maji hupita kama kwenye chujio. Malindi mjini mvua hufika kama milimita 1,000 kwa mwaka, na kadiri unavyoingia bara ndivyo inavyopungua. Kwenu hampati hata hiyo, na mnayopata haina ahadi. Kisiki kina mizizi iliyochimbwa kwa miaka mingi. Mche hauna chochote. Kupanda miche katikati ya visiki hai ni kama kununua maji ya chupa ukiwa umekaa ukingoni mwa Sabaki.

Hili si wazo langu. Shinyanga, Tanzania, nchi ya Wasukuma, ilikuwa imebaki karibu jangwa. Miti ilifyekwa kuwaondoa ndorobo, wale nzi wa malale, ikafyekwa kwa ajili ya pamba, na watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970 hata yale malisho yao ya akiba, wanayoyaita ngitili, yakaachwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliujua kwa jina la HASHI. Mwanzoni nao walipenda vitalu. Baadaye wakagundua kwamba chini ya ardhi mizizi haijafa, na kwamba Wasukuma walikuwa na utaratibu wao wa kufunga kipande cha malisho msimu wa mvua na kukifungua kiangazi. Wakarudi kwenye ngitili, za kaya na za kijiji, na sheria zake zikatungwa kwenye dagashida, mkutano wao wa kimila, si ofisini. Hadi mradi unakwisha mwaka 2004, eneo lililorudi kuwa na miti lilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta. Sehemu kubwa yake haikupandwa.

Na kule Shinyanga kufunga kulikuwa kwa kipande na kwa msimu, na aliyefunga ndiye aliyejua atafungua lini na atafaidi nini. Miaka kumi kwa msitu mzima ni jambo jingine kabisa. Ugali wa jioni hausubiri miaka kumi. Mkifunga, vijana watavuka mpaka wakakate kwa jirani, au watakata kwenu usiku, na mti wa usiku hukatwa vibaya: juu, kwa haraka, bila kuchagua. Nimeona mahali walipoajiri mlinzi kwa fedha za mradi. Mradi ulipokwisha, tanuri la kwanza kuwaka lilikuwa la mlinzi. Sikumlaumu sana. Alikuwa na watoto watano na alikuwa ndiye anayeujua msitu kuliko wote.

Hapa wazee hawatapenda nitakalosema. Mnawagombeza wachoma makaa, lakini mnayemwogopa siye. Makaa hukata mti, nanasi hung'oa kisiki. Mtu anayelima mananasi kwenye mchanga ule husafisha shamba hadi mzizi, anapata mavuno mazuri misimu michache, ardhi ikichoka anahama na kufyeka kipande kingine. Alipohama hakuna kitakachochipua, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuchipua. Msitu uliokatwa makaa miaka ishirini iliyopita, ukiachwa, leo ni msitu. Msitu uliong'olewa visiki miaka ishirini iliyopita leo ni kichaka na mchanga mtupu. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kamati yako isiwe "mtu asikate". Iwe "kisiki kising'olewe ndani ya mpaka wetu". Hiyo hata kijana wa makaa ataipigia kura.

Sasa namna ya kukata. Vijiji vya Kilosa, mkoa wa Morogoro, wamefanya jambo ambalo naona linawafaa. Walipima sehemu ya msitu wa kijiji, wakaigawa vipande vya mita 50 kwa 50, wakavikata kama ubao wa drafti: kipande hiki kinakatwa, cha ubavuni kinaachwa. Kila kipande kikikatwa hakiguswi tena hadi miaka 24 ipite. Kilichokatwa huwa kimezungukwa na miti iliyosimama, mbegu zinadondoka, upepo unapungua, na mizizi inachipua. Mchoma makaa analipa ushuru kwa kijiji kabla ya kukata, na fedha hizo zimejenga vitu ambavyo kila mtu anaviona.

Hebu tufanye hesabu yenu. Mna ekari 600. Nusu yake msiiguse kabisa, nitakuambia ipi. Zibaki 300. Gawa kwa 24, unapata ekari 12 na nusu kwa mwaka. Kipande cha mita 50 kwa 50 ni kama ekari 0.6, kwa hiyo ni vipande 20 hivi kila mwaka. Mimi kwa moyo wangu ningeanza na kumi. Kwenu ni kukavu zaidi kuliko sehemu nyingi za Kilosa, na miti haikui kwa kusoma kalenda. Mkiona baada ya miaka mitatu machipukizi yanakwenda vizuri, ongezeni. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ndiko kunaleta ugomvi.

Nusu ya kuacha ichagueni kwa miguu, si kwa ramani. Kwanza, pale kwenye udongo mwekundu ambapo mrihi unakwisha na mfunda unaanza, ule msitu mzito wa miti myembamba inayong'ang'aniana, paacheni. Mfunda unakua polepole sana. Humo ndimo anamokaa bundi mdogo wa Sokoke, ambaye duniani kote anajulikana msitu wa Arabuko-Sokoke, kwenu Dakatcha, na miteremko ya Usambara basi. Pili, mabwawa ya msimu yenye ndago, yale yanayojaa mvua zikishika. Kwa miaka mingi wataalamu walimjua kwera wa Kilifi, ndege wa manjano na mweusi, wasijue anazalia wapi. Mwaka 2013 viota vikapatikana Dakatcha, kwenye kinamasi cha msimu ambacho mtu mwingine angekiona dimbwi tu la kunyweshea ng'ombe. Msikate karibu na maji hayo. Tatu, mahali patakatifu pa kaya na makaburi, hapo hamhitaji ushauri wangu. Na nne, kila mti mkubwa wa zamani popote ulipo, hata ndani ya kipande cha kukata. Mti mzee sana hauchipui vizuri ukikatwa, ila ndio unaotoa mbegu, na pango lake ndilo nyumba ya nyuki. Mbambakofi mkubwa ukisimama unawalipa kila mwaka. Ukilala unalipa mara moja, na mara nyingi unamlipa mtu wa lori.

Kata mti ulio na unene wa paja, chini, kwa shoka kali au msumeno, na mkato uwe wa mshazari ili maji yateremke yasituame juu ya kisiki na kukiozesha. Usichune gome, maana chipukizi linatokea kwenye gome. Usijenge tanuri juu ya visiki. Umeona ile miduara myeusi msituni ambayo hata nyasi hazioti? Ni upara wa tanuri, joto limepika udongo na kila kilichokuwemo. Tumieni upara uleule wa zamani mara kwa mara badala ya kufungua mpya.

Baada ya kukata, adui ni mbuzi. Chukua matawi machache ya miba, uyabwage juu ya kisiki. Hayagharimu kitu na mbuzi hapendi kuchomwa pua. Kipande kilichokatwa mbuzi wasiingie hadi ncha za machipukizi zipite midomo yao, na kwa mrihi hilo huchukua misimu kadhaa. Machipukizi yakifika kimo cha mtu, chagua mawili au matatu yaliyotoka chini kabisa na yaliyoachana, mengine ukate. Usiyaonee huruma. Kumi na mawili yakiachwa yote yatakuwa fito, matatu yatakuwa miti. Hizo unazopunguza ni fito za nyumba na kuni za wiki mbili, na anayezichukua awe yule aliyekuja kufanya kazi.

Kuhusu tanuri lenyewe, waite wachoma makaa wenu, wakae chini, wapeni heshima ya ufundi wao kwanza. Tanuri la kawaida la udongo, katika kilo 100 za kuni kavu, hutoa makaa kilo 10 hadi 20. Tofauti ya kumi na ishirini ni nusu ya msitu. Gunia lilelile linaweza kutoka kwenye mti mmoja au miwili, kutegemea fundi. Kuni mbichi hula kuni kavu: nishati inakwisha kukausha maji. Zikauke wiki tatu, nne. Ziwekewe kitanda cha miti chini ili hewa ipite, nene zikae katikati, nyasi juu, udongo juu ya nyasi. Halafu mtu akeshe. Nimekesha na wazee hawa, najua. Usiku wa kwanza moshi ni mweupe, mzito, unaning'inia kama shuka iliyolowa, hayo ni maji yanatoka. Ukianza kuwa mwembamba na wa buluu, makaa yenyewe ndiyo yanaanza kuungua na tundu la upande huo lizibwe mara moja. Fundi aliyelala saa hiyo ataamka akute majivu. Wapo wanaoongeza bomba la mapipa upande mmoja, namna iliyoanzia Casamance kule Senegali, na mavuno yanapanda. Lakini kama hamna mapipa, kuni kavu na macho yaliyo wazi ni nusu ya kazi.

Sasa sheria, na hapa nataka uwe mwangalifu, maana vijana wako wanaweza kulala ndani kwa jambo zuri. Sheria ya misitu ya 2016 inagawa misitu mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. Vile vyama vya kijamii vya misitu ambavyo ofisini huitwa CFA ni vya kushirikiana na serikali katika msitu wa umma. Wenzenu wa Arabuko-Sokoke wanavyo. Usimamizi shirikishi ulijaribiwa kule upande wa Dida tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyinyi hamko huko. Msitu wenu ni wa jamii, na mlango wenu ni Sheria ya Ardhi ya Jamii, nayo ya 2016. Nimeona vikundi vikipoteza miaka miwili, mitatu, kukimbiza cheti cha CFA kwa msitu ambao serikali haina hisa nao.

Kwa kuwa ardhi yenu haijasajiliwa, hivi sasa inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba yenu. Kaunti hairuhusiwi kuiuza wala kuigeuza ya mtu. Lakini "hairuhusiwi" na "haifanyiki" ni maneno mawili, na mwenye karatasi hulala usingizi bora. Anzeni usajili. Mtaitisha mkutano wa jamii, mtachagua kamati ya usimamizi wa ardhi ya watu 7 hadi 15, mtapeleka majina, kanuni na mipaka kwa msajili, ndipo mpimaji aje. Mpaka ndio utakaowachelewesha. Msiwaite wapimaji kabla hamjatembea mpaka na majirani, wazee wa pande zote mbili, mkakubaliana mti kwa mti. Nimeshuhudia mpimaji akifukuzwa kwa mapanga na watu waliokuwa wanakunywa mnazi pamoja wiki iliyotangulia.

Faida ya cheti mtaiona siku mgeni atakapokuja na mkoba. Hamjasahau mbono, ule unaoitwa jatropha. Kuanzia 2009 kampuni moja ya kigeni ilitaka kufyeka Dakatcha, hekta 50,000, ipande mbono wa kutoa mafuta ya magari ya Ulaya. Watu waliahidiwa ajira, wakagawanyika, ndugu wakanuniana. Wenyeji na watetezi wa misitu wakapinga, na mamlaka ya mazingira, NEMA, ikakataa. Mlinusurika. Leo sheria inasema mkataba wa uwekezaji kwenye ardhi ya jamii iliyosajiliwa hausimami bila theluthi mbili ya wanajamii watu wazima kuukubali mkutanoni. Theluthi mbili ni ngumu kuzinunua kwa mchele na vitenge.

Makaa ya kuuza yana kanuni zake tangu 2009: wachomaji wawe kwenye chama kilichosajiliwa, kuwe na kibali cha kuchoma na cha kusafirisha. Juu ya hapo mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, na mwaka 2023 rais akatangaza kuondoa marufuku ile. Kila mabadiliko hayo huacha utata barabarani, na utata barabarani ni pesa ya mtu. Kwa hiyo kabla ya shoka la kwanza la biashara nendeni kwa afisa wa KFS, shirika la misitu la serikali, na ofisi ya mazingira ya kaunti, mkiwa na ramani yenu ya vipande, muombe waandike. Jibu la mdomo halisomeki kwenye kizuizi.

Wachoma makaa wawemo kwenye kamati, wasiwe wageni waalikwa. Na kina mama wa kuni wawemo. Wao huingia msituni kila siku na kutoka kila siku, ndio wanaojua nani amekata wapi kabla chifu hajapata habari. Kamati nyingi nilizoziona zilikuwa na wanaume saba wanaokaa chini ya mwembe, na mweka hazina mmoja mwanamke ili mfadhili aridhike. Faini nazo msiige za serikali. Wazee wa kaya walitoza mbuzi au kuku, na kuku yule aliliwa hadharani. Aibu ilikuwa sehemu ya faini.

Halafu kuna wafugaji wa upande wa Tana. Ukame ukishika, kama ule wa 2020 hadi 2022, mifugo itakuja, mkitaka msitake. Kaeni nao wakati wa mvua, watu wakiwa wameshiba, mkubaliane njia ya kupita na vipande visivyoingiwa. Makubaliano yanayofanywa ng'ombe wakiwa wameshafika kisimani huwa si makubaliano.

Kuhusu swali lako la kupanda tena: miti ipandwe, ila mashambani. Mvinje. Mtu wa Malindi anayejenga anataka boriti iliyonyooka, na mvinje miaka minne hadi saba unampa. Kila boriti ya shambani ni mrihi mmoja uliobaki. Siri ndogo ya mvinje: kwenye kitalu changanya udongo kiasi uliochotwa chini ya mvinje mkubwa, kwa sababu mizizi yake inahitaji vijidudu fulani vya kuirutubisha, na visipokuwepo mche unakaa rangi ya homa. Watafiti wa misitu wa KEFRI pale Gede watawasaidia kwa mbegu na ushauri. Pia mkilifi, yaani mwarobaini, kwa wachongaji, ili mhuhu wanaoukata msituni upumue.

Nyuki sitawaeleza, mnawajua kunishinda. Ila naomba msidanganywe kwamba asali itachukua nafasi ya makaa yote. Mradi wa vipepeo wa Kipepeo, ulioanza 1993 pale Gede, umewapa pesa halali familia zinazopakana na Arabuko-Sokoke kwa kufuga viwavi na kuuza pupa ng'ambo, na umebadilisha moyo wa wengi kuhusu msitu. Lakini hata huko soko lina mlango mwembamba. Asali ni ya kuongeza juu ya ugali, si ugali wenyewe.

Mwisho kabisa ni kuhesabu. Chagueni njia tano ndani ya msitu, kila moja mita 500. Mkipita, tazameni mita 5 kulia na 5 kushoto. Hiyo ni nusu hekta kila njia. Andikeni kwenye daftari la shule: visiki vibichi vingapi, matanuri mangapi, visiki vilivyochipua, vilivyoliwa. Njia zilezile kila miezi mitatu, watu wawili, mmoja mchoma makaa na mmoja asiye. Daftari hilo litawafaa mbele ya kaunti kuliko hotuba yoyote, na litawazuia nyinyi wenyewe kudanganyana.

Msianze na vipande kumi kabla ya kibali. Anzeni na kipande kimoja kilichokwisha kukatwa zamani, kando ya njia ya kisimani ambako kila mtu hupita. Wekeni miba, punguzeni machipukizi, pakeni visiki ishirini rangi na mvipe namba. Wazee waone masika mbili. Na ukiteremka Malindi nipitie, uje na picha za simu za kisiki kimoja, kilekile, mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili, ukiwa umesimamisha panga kando yake kwa kipimo. Nikiziona mbili hizo nitaweza kukuambia kama ile miaka 24 inatosha kwenu au mwongeze.